Ujumbe Nilioumeza

Petroli ikichanganyika na harufu ya dagaa walioanikwa juu ya mawe, mpaka leo mimi hubadili njia. Uwanja wetu wa Butimba ulinuka hivyo wiki ile baba aliporithi pikipiki ya mdogo wake, baba mdogo Shija, aliyefariki kwa homa. Usukani ulikuwa umepinda, baba akafunga mwingine, mrefu, umenyanyuka kama pembe za ng'ombe. Ufundi hakuwa nao, ubishi ndio alikuwa nao. Alipitisha nyaya mwenyewe, wa breki, wa klachi, wa mafuta, huku machozi yakidondokea tangi. Kwetu mwanamume akilia, watoto hugeuza nyuso. Nami niligeuza.

Kesho yake baba akawa anaizungusha uwanjani, mara ikanguruma yenyewe, wala hajagusa mafuta. Mama akatua ndoo. "Ni Shija huyo," akasema. "Amefuata chake." Baba akaizima, akaingia ndani kulala.

Akaja fundi Masanja, mama kashateremka kwenye dagaa, baba bado kalala, niko peke yangu uwanjani. Akaiwasha, akageuza usukani upande mmoja: mdundo wa kawaida. Akageuza upande wa pili: ikapiga kelele hadi kuku wakaruka. Akarudia mara tatu, akainama chini ya tangi, akacheka. "Eh! Mbuzi kafungwa kamba fupi!" Sikumwelewa. Akapanda baiskeli, akaniambia kwa Kiswahili chake cha mjini: "Kabula, naenda Mirongo. Mwambie baba aache kulia mpaka nirudi."

Nilikuwa na miaka minane. Nyumbani ni Kisukuma, shuleni sikukaa sana, na mkono huu wa chakula kwa Kiswahili nilijua unaitwa wa kuume, basi. Nikasikia baba akome machozi. Sasa mimi, binti, nimwambie baba yangu anyamaze? Nikaumeza ujumbe.

Baba akatoka amevaa koti. "Masanja kasemaje?"

"Ameenda Mirongo, baba."

Akawasha. Njia yetu ilinyooka kuteremkia ziwani, kisha ikakata mkono wa kuume kwenye mwamba. Nikasikia mngurumo ukipanda, ukipanda, kisha chuma juu ya mawe. Halafu maji tu.

Hakufa. Mguu ulivunjika ukaunga vibaya. Masanja aliporudi na waya, wazee walikuwa wameshaisukumiza pikipiki ziwani. Akasema ni waya mfupi kwa usukani ule mrefu, ukigeuza upande mmoja unavuta mafuta. Wakamcheka: "Waya nao una kisasi?" Akanivuta pembeni. "Si nilikwambia aache kulia?" akasema, akinyoosha mkono wake wa kuume. Hapo ndipo nikaelewa: kumbe kulia kwake ni mkono huo. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia," nikadanganya.

Baba aliishi miaka mingi akichechemea, na hakukanyaga tena kaburi la mdogo wake. Alikufa akiamini Shija alitaka kumuua.

Siku hizi vijana wa Nyegezi wananyanyua usukani wa bodaboda wanavyotaka. Ikinguruma yenyewe wanatazama waya, wanatukanana kidogo, wanabadilisha. Tena leo fundi angempigia baba simu, mtoto asingehusika. Lakini mwaka huu kitukuu alipozaliwa nikaomba aitwe Shija, na kwa mara ya kwanza nikaeleza yote. Walinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, mama wa mtoto akamvuta kifuani. "Bibi, tunakuamini," akasema, "ila jina hilo hapana."

Wamempa la mchezaji wa mpira.