Namba Nne Mgongoni

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, mtaani Jericho. Niliondoka nyumbani kwa sababu mikono yangu imegoma. Mimi nachora piko, yale maua meusi ya mikononi mwa maharusi, kazi niliyorithi kwa marehemu mama, na sasa vidole vimejaa malengelenge yanayowasha hadi nalia. Mama aliumwa vivi hivi. Nilitaka kujua kitu kimoja: nitawaambukiza wanangu?

Saa mbili nilikuwa hospitalini, ng'ambo ya mji. Daktari wa ngozi alikuwa ameniagiza nibebe kila kitu ninachoshika kazini. Nikampangia mezani hina, mafuta ya mkaratusi, sabuni, na unga mweusi wa kupaka nywele.

"Huu wa nini, mama?"

"Wa kukoleza. Hina tupu haiwi nyeusi, na maharusi wa siku hizi wanataka nyeusi ti! Mama ndiye aliyenifundisha."

Hakunigombeza. Alichota kila kimoja kidogo, akakizimua, akavibandika mgongoni kwa plasta, akaandika namba kwa kalamu. "Usiloweshe mgongo mpaka Jumatano."

Siku mbili bila kuoga mgongo, jamani, na joto lile!

Jumatano mchana alibandua plasta. Namba nne ilikuwa nyekundu. Akasema tusubiri, ngozi nyingine hujibu polepole.

Ijumaa, baada ya swala, nilirudi. Namba nne ilikuwa imevimba, ina malengelenge. Moja, mbili na tatu zilikuwa safi.

"Ni ule unga mweusi," akasema. "Ni mzio. Usiuguse tena, wala usimpake mtu."

"Na unaambukiza?"

"Mzio? Hapana, mama. Hata mle sahani moja, mnywe kikombe kimoja."

Nilijifunika uso kwa buibui nikalia mbele yake. Alidhani naililia kazi.

Saa kumi jioni nilishuka kwenye soko la Burma, nikapita kwenye moshi wa nyama choma, nikatembea mpaka nyumbani. Unga nikautupa chooni. Kazi itaendelea kwa hina tupu, na asiyeitaka nyekundu aende kwingine.

Kisha nikafungua kabati. Kikombe cha bati cha mama bado kipo, na sahani yake. Mimi ndiye niliyemtengea vyombo hivyo, nikiwaogopea wanangu, akala peke yake pale mlangoni hadi alipofariki. Hakuniuliza hata siku moja. Idi yake ya mwisho alinikandia mahamri kwa mikono ile ile, akaniletea yakiwa moto.

Nikamwambia nimeshiba. Uongo. Nilikuwa na njaa.