Dawa ya kutetemeka na sirop ya kikohozi: vile papa yangu alipotea akili wakati ya vita

Wakuu, nabasalimia toka Butembo. Hii sikuisikia kwa jirani. Ilifanyika kwangu ndani ya nyumba, na nitaisema vile ilikuwa.

Papa yangu alikuwa mulimaji wa kahawa kule Mutwanga. Vita ilipofika, akakimbia na kuja kukaa kwetu Rughenda, hapa Butembo.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Docteur mumoja alikuwa amemuandikia trihexyphénidyle, dawa ya kutuliza kutetemeka, na ilimusaidia kweli. Alianza tena kukunywa chai bila kuimwanga.

Lakini akapata kikohozi, akajinunulia sirop ya prométhazine kwenye soko. Nani angeogopa sirop?

Kinywa ikakauka. Mwili ikawa moto bila jasho. Kisha akaanza kuvuta-vuta blanketi na vidole.

"Papa, unafanya nini?"

"Nachuma kahawa. Leta kitunga." Hakunitambua.

Papa mudogo, ndugu yake, akalia. "Vita imemuingia kichwani. Tumupeleke kwenye chumba ya maombi."

Bengi tulikubali. Tulikuwa tumeona batu bengi bakichanganyikiwa kwa sababu ya vita.

Dada yangu Masika akamugusa tumbo, chini ya kitovu. "Imekuwa nguvu kama ubao. Tangu jana hajakojoa. Twende hospitali, tutaomba njiani."

Tukamulaza kwenye chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo. Papa mudogo mwenyewe ndiye alisukuma. Kwenye barrière, kizuizi ya barabara, baaskari bakamusikia anahesabu vitunga vya kahawa, bakatuacha tupite.

Kule hospitali docteur akauliza dawa zote. Masika alikuwa amezibeba. Docteur akamuwekea sonde, mupira wa kutoa mukojo, ukatoka mwingi sana, na papa akapumua kama mutu ametua muzigo.

"Hizi dawa mbili zinasukuma upande mumoja," docteur akatueleza. "Zinakausha mwili, zinalegeza kibofu, zinachanganya kichwa ya muzee. Tena prostate yake, tezi ya wanaume karibu na kibofu, imeshavimba."

Sirop akaikataza palepale. Ile ya kutetemeka akaipunguza polepole. "Hapana kuiachisha mara moja," akasema.

Akili ikarudi kidogo kidogo. Asubuhi moja papa akaamuka, akatukuta tumemuzunguka.

"Nani amekufa?" akauliza.

Papa mudogo akatoka inje, akacheka mpaka machozi.

Donc wakuu, muzee wenu akianza kuongea mambo ya ajabu, muulize kwanza amekunywa nini, hata kama ni sirop ya soko. Na docteur ajue yote, pamoja na shida ya kukojoa ambayo bazee banaficha kwa haya.

Papa alirudia Mutwanga vita ilipotulia. Alikufa kwa uzee tu, kwenye kitanda yake.

Mwenye aliona kitu kama hii kwao, aandike hapa chini. Nitasoma.