Mota ya Lupaso Inasukwa Mara ya Pili

Saa moja asubuhi, Mkomaindo, mjini Masasi. Veridiana ameketi kwenye kigoda, mota ya mashine ya kusaga imelazwa mbele yake. Anakata kipande cha waya mpya, anakishika kwa koleo na kukitia kwenye mkaa anaoupepea. Waya unawiva, unakuwa mwekundu, haukatiki.

"Hii ndiyo shaba," anasema. "Ile nyingine ingeshadondoka."

Ile nyingine ndiyo iliyomharibia jina.

Veridiana, mama wa watoto wawili, anasuka mota zilizoungua, kwa kuzizungushia waya mpya, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi alifundishwa na mumewe, kabla hajahamia Newala kwa mke mwingine na kumwachia koleo tu.

Machi mwaka huu Mudathiri, mwenye mashine ya kusaga kijijini Lupaso, alimletea mota iliyoungua. Veridiana akanunua kilo sita za waya kwa mchuuzi aliyepita na gari, kilo shilingi elfu thelathini badala ya arobaini na tano. Aliukwangua kwa wembe, akaona wekundu, akaamini.

"Nilishangaa kilo sita zimekuwa waya mwingi vile," anakumbuka. "Nikafurahi, jamani! Nikadhani nimependelewa. Kumbe shaba ni nzito, na mimi nimeshika kitu chepesi. Ndani alumini, shaba imepakwa juu tu."

Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, hivyo hupata joto upesi. Mota ilidumu siku tisa. Wanawake wa Lupaso wakarudi kwenye kinu na mchi.

Kwa mazoea ya mafundi wa hapa, waya wa zamani hubaki kwa fundi, akauze chakavu. Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza. Mudathiri alifika na watu watatu.

"Shikamoo, Baba Hamidu," Veridiana alimwamkia Mudathiri.

"Shikamoo yako kaa nayo. Shaba yetu umeila, Mama Nancy, ukatuwekea makopo."

Habari zikatembea. Zamani alipokea mota tano kwa mwezi. Sasa moja, na mwenye mota hasemi kama atarudi.

"Aliyeniuzia hajulikani alipo," anasema. "Wa kutukanwa ni mimi, maana mimi ndiye ninayeonekana."

Akauza cherehani yake, akafuata shaba Mtwara. Kisha akaenda Lupaso kuiomba mota ile aisuke tena bila malipo. Mudathiri alikubali, ila akamtuma mkewe, Rahima, akae Mkomaindo hadi kazi iishe.

"Nimeambiwa nikuchunge usiile na hii," Rahima anasema, macho kwenye waya.

"Basi lete chumvi."

Rahima anacheka, kisha anajikaza asicheke.

Mota itafungwa kesho. Veridiana hangoji kuombwa radhi.

"Ikimaliza mwezi, nitabeba debe langu la mahindi mpaka Lupaso, nipange foleni na kina mama wenzangu. Wakinisogezea nafasi, nitajua mimi bado ni fundi."