Mtaalamu wa Kutoanguka

Juzi ukumbini Mtambile alikuja mtaalamu kutusomesha wachumaji karafuu usalama kazini, nami nimekaa na mwanangu mapajani, roho juu, maana saa ile ile babake alikuwa kapanda mkarafuu wa watu, matawi yake makavu.

"Utafiti umeonesha," akasema mtaalamu, kidole juu, "wachumaji huanguka kwa kukosa uelewa."

Bibi mmoja mbele yangu akavuta mtandio. "Mwanangu, mume wangu kaanguka mwaka jana. Uelewa alikuwa nao. Tawi ndilo lililokuwa halina."

Tukacheka. Nikasimama nikauliza: "Mwalimu, tajiri wa shamba akisema panda, na tawi unaliona bovu, ukikataa anachukuliwa mwengine. Mume wangu afanyeje?"

Mtaalamu akamtazama kiongozi wa chama cha wafanyakazi aliyekaa kando yake, kiongozi akatazama saa.

"Swali zuri sana," akasema mtaalamu. "Tutalifanyia utafiti."

"Na leo je, ashuke?"

"Leo tumalize ratiba, bibie."

Nikambeba mtoto nikatoka mbio kwenda shambani, kiongozi nyuma ananiita nirudi, picha ya pamoja bado! Jawabu nimelipata jioni ile ile, bila ya utafiti: nilipiga kelele mume wangu akashuka, na tajiri akampandisha mwengine.