Chai Niliyompikia Mama Miyuji

Mama alikuja na begi la mgongoni. Nililiona begi kabla sijamwona yeye, maana pale stesheni watu walikuwa wengi na mimi si mrefu. Lilikuwa begi langu la zamani, la darasa la saba, lile la zambarau lenye zipu moja mbovu. Nikajua ni siku mbili tu. Baba naye aliliona, ila alilipokea kwa mikono miwili kama vile kapewa sanduku.

"Karibu makao makuu," akasema.

"Makao makuu, upepo mkuu," mama akajibu huku ameushikilia mtandio.

Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama anayechagua papai sokoni.

"Midomo imekuwaje hii?"

"Imepasuka."

"Naona imepasuka. Hupaki mafuta?"

"Napaka."

Ilikuwa Septemba, shule zimefunga kidogo. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi Dar es Salaam. Baba yuko masjala kwenye wizara moja, na ofisi yao ilipohamia Dodoma alihama nayo pamoja na mafaili yake. Mimi nilikuja naye mwaka jana nikiwa kidato cha pili. Walisema shule ya huku ni nzuri. Pia mtu alitakiwa ampikie baba, ingawa hilo halikusemwa. Mama alibaki, akasema atakuja uhamisho ukitoka. Nilichukua muda kuelewa kwamba uhamisho hautoki kama hujauomba.

Safari hii, baba alinieleza, mama anakuja kuangalia. "Akiuona mji unafaa, atajaza fomu. Fomu anayo." Kwa hiyo nilijua kazi yetu ya siku mbili. Mji ufae.

Nisiseme uongo, hata mimi sikuuona ukifaa. Wakati tunahama nilidhani mji mkuu ni mahali ambapo kila kitu kimeshakamilika. Nikakuta vilima vya mawe, barabara pana na mpya ambazo ng'ombe wanavuka bila haraka, na nyumba nyingi ambazo hazijafika kwenye lenta. Kila mtu anajenga. Ukiuliza njia unaelekezwa kwa vitu ambavyo havijakuwepo: "Pita pale patakapokuwa na benki." Darasani waliniuliza, "Mtu wa Dar, bahari umemwachia nani?" Nikasema sijui. Wakacheka, wala si kwa ubaya, na wakaniachia nafasi kwenye benchi.

Sikulia. Nilitegemea nitalia, hasa usiku wa kwanza, lakini halikuja chozi. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Unauona ni wako, ila ukiufinya hausemi kitu. Mwaka mzima neno langu lilikuwa moja. Baba akisema leo nitachelewa, sawa. Mama akisema kwenye simu kwamba Krismasi hataweza, sawa. Wakaona nina tabia nzuri.

Sasa niseme habari ya maji, maana yatakuja mbele. Nyumba tunayopanga Miyuji ina bomba uani, na maji yake yanatoka kwenye kisima kirefu. Yana chumvi. Dar pia kuna visima vya chumvi, ila sisi tulikuwa na bomba la maji matamu, kwa hiyo siku ya kwanza niliyatema hapohapo mlangoni. Sabuni haitoi povu. Ukifua nguo nyeupe inakauka imekakamaa. Baba akawa ananunua madumu ya maji matamu kwa wale wa mkokoteni, ya kunywa na ya chai. Baadaye yakawa ya kunywa tu. Baadaye tukawa tunayasahau. Sikumbuki ni lini tuliacha kabisa.

Kwa ajili ya mama alinunua madumu mawili, akayapanga jikoni, akayafunga kitambaa chekundu shingoni. "Chai ya mama yako ni hapa. Chakula cha mama yako ni hapa. Usisahau."

"Sawa."

Ijumaa jioni sikusahau. Mama alikunywa, akasema chai nzuri, akalala mapema.

Jumamosi asubuhi tulitoka kwenda Ipagala kuona kiwanja. Mlangoni tukamkuta mama mwenye nyumba anapepeta ulezi. Ni Mgogo, umri wa bibi, anakaa nyumba ya mbele.

"Mbukwenyi!"

Nikaitika. Mama akanitazama mimi, hakumtazama yeye.

"Shikamoo mama," mama akasema.

"Marahaba, marahaba. Ndiye mke wa baba yake huyu? Haya, leo tumemwona. Mie nilidhani kakuzua tu ili apewe nyumba!"

Baba akajikohoza. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni. "Ningekuja mapema, ila naogopa vumbi lenu."

"Vumbi la hapa halichagui, mwanangu. Linamwingia hata mbunge."

Njiani mama aliniuliza nilimjibu nini yule bibi. Nikasema nimemsalimia tu. "Kigogo?" Nikasema ndiyo. Akageuka kutazama barabara mpaka tukashuka kwenye bajaji.

Kiwanja chetu ni mawe manne ya mpaka na kichaka cha miiba. Baba alikuwa amevaa viatu vya ofisini kwa heshima ya siku hiyo. Akaanza kutembea ndani ya nyumba ambayo haipo. "Hapa sebule. Hapa jiko, linatazama mashariki ili upate mwanga. Hapa chumba cha mtoto. Dirisha hapa."

Akatokea mbuzi, akasimama katikati ya sebule.

"Mgeni wako kafika," mama akasema. "Naye ana hati?"

"Huyu ni wa jirani."

"Jirani gani? Mimi namwona mbuzi tu."

Upepo ukavuta mtandio wake ukaenda nao. Baba akaukimbiza. Akavuka kiwanja cha kwanza, cha pili, viatu vimejaa mchanga, anainama kuukamata na wenyewe unamkwepa kama kuku. Mama alicheka mpaka akachuchumaa. Baba alirudi nao una miiba, akamvika kichwani, na mama akamwachia amvike. Halafu akazunguka tena peke yake. Akasimama pale jikoni, akatazama mashariki.

"Siyo pabaya sana," akasema.

Nililiandika hilo kwenye daftari langu siku ileile, bila kuongeza kitu. Nilijaribu kusikia kama nimefurahi. Sikusikia.

Mchana tukapita Majengo, sokoni. Mama akanunua zabibu, akawa anazila humohumo njiani bila kuziosha, jambo ambalo mimi nimekatazwa tangu utotoni. Akauliza ule unga wa kijani ni nini. Muuzaji akamwambia ni mlenda mkavu. "Chukua mama, huu unateleza wenyewe mpaka Dar."

"Nani kakwambia natoka Dar?"

"Umeuliza bei kwa hasira."

Mama akachukua mafungu mawili.

Jioni, baada ya kula, alitoa fomu kwenye begi la zambarau, akaiweka mezani, akavaa miwani. Baba akazima redio. Mimi nilikuwa naosha vyombo na nikapunguza kelele za sahani. Alijaza jina, akajaza shule, akajaza mwaka alioanza kazi. Kisha peni ikasimama.

"Hapa sababu ya kuomba uhamisho," akasema. "Walimu wote wanaandika kumfuata mwenza."

"Si uandike tu," baba akasema.

"Miaka kumi na tisa nasimama mbele ya watoto wa watu, leo niandike namfuata mtu?"

"Ndiyo kawaida."

"Kawaida yenu." Lakini hakusema kwa ukali. Akaweka peni juu ya karatasi. "Nitaimaliza asubuhi. Kichwa kikiwa chepesi."

Jumapili niliamka kabla yao. Nilitaka asubuhi iende vizuri, kila kitu kiwe tayari, akae tu na kumaliza kuandika. Nikawasha jiko, nikapika chai ya maziwa yenye tangawizi, nikakaanga chapati tatu, nikatoa vikombe vya wageni. Nikapanga kila kitu mezani, na fomu nikaisogeza upande wake, peni juu.

Baba akanywa. Mimi nikanywa. Mama akapiga funda moja, akaliweka mdomoni bila kumeza. Alimeza kwa shida. Akaweka kikombe chini.

"Nani kaweka chumvi kwenye chai?"

"Chumvi?" Baba akanywa tena ili ahakikishe. "Mbona nzuri."

Na mimi nikanywa tena. Nilisikia tangawizi. Nilisikia sukari. Nikageuka kutazama jikoni, madumu yalikuwa palepale, vitambaa vyekundu shingoni, na ndoo ya bombani iko wazi na kata inaelea ndani. Mkono wangu ulikuwa umeenda kule unakoenda kila siku.

Mama alianza kucheka. Alidhani tunamtania. Akamtazama baba, akanitazama mimi, na kicheko kikaisha katikati.

"Kweli hamsikii?"

Baba akatikisa kichwa.

"Mmeshakuwa watu wa huku," akasema polepole. "Nyie wawili. Mmehama mkaniacha."

"Wewe ndiye uliyebaki," baba akasema. Sijawahi kumsikia akilisema hilo. Hakupandisha sauti. Alimalizia chai yake, akainuka, akaenda uani kufunga bomba ambalo lilikuwa limefungwa.

Mama alinifuata jikoni. Nilikuwa nasuuza vikombe. Akasimama karibu sana, nikasikia harufu ya mafuta yake ya nazi, ambayo mwaka mzima nilidhani nimeisahau.

"Nikuulize. Wewe unataka nije?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu siku tuliyofunga mizigo. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, si yeye wala baba. Na sasa limekuja, mdomo ukatoa kile ulichozoea.

"Sawa."

"Sijauliza kama ni sawa. Nimeuliza unataka?"

Nilitazama kikombe. Nilitaka kusema ndiyo. Nilitafuta mahali ambapo ndiyo inakaa, nikakuta ganzi tupu. Kusema ndiyo bila kuisikia niliona ni kumdanganya, na mama huwa anajua. Kwa hiyo nikachota kata nyingine ya maji. Nikaimimina juu ya kikombe kilichokwisha takata.

Alinisubiri kwa muda mrefu kidogo. Kisha akaenda mezani, akaikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye begi.

Stesheni hakukasirika. Alinipaka mafuta ya midomo kwa kidole chake, mbele ya watu, nikaona aibu. "Ukijua, niambie," akasema. Baba akampa mlenda wake aliotaka kuusahau. Treni ikaondoka. Sisi tukarudi Miyuji, na njia nzima baba alinionyesha majengo mapya kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Madumu yalibaki karibu yamejaa. "Tusiyamwage," baba akasema, "tuyapikie." Tukayapikia, chai, wali, maharage. Siku nane au tisa. Nilikuwa napika bila kufikiri, kama kawaida yangu, na mama akipiga simu anaongea na baba kuhusu vitu vidogo: ada, kodi ya nyumba, kikohozi cha shangazi. Fomu haikutajwa. Mimi nikipewa simu nasema nzuri, ndiyo, sawa.

Jumanne ya wiki iliyofuata dumu la pili likaisha. Nikarudi kwenye ndoo. Nilirudi kutoka shule, nikapika chai ya mchana yangu peke yangu, nikakaa kizingitini na daftari langu. Nikapiga funda.

Chumvi.

Ilinishtua mpaka nikatazama ndani ya kikombe. Ilikuwa kali, imekaa pembeni mwa ulimi, imekaa kwenye nyufa za midomo inachoma. Nikapiga funda la pili ili nijue kama ni kweli. Ilikuwa kweli. Nikatema pale mlangoni, palepale nilipotema siku ya kwanza. Mama mwenye nyumba akaniona kutoka kwake.

"Kulikoni, mjukuu? Umekuwa wa Dar tena?"

Nilitaka kucheka, badala yake ikaja ile nyingine. Nililia kwa sauti ya kijinga, nikiwa na sare ya shule, na yule bibi hakuja wala hakuuliza. Aligeuza kigoda chake akaendelea na kazi yake akiwa amenipa mgongo, mpaka nilipomaliza. Nilimshukuru moyoni kwa hilo.

Jioni baba aliporudi kutoka ofisini kwake Mtumba nikamwomba simu yake. Nikaandika, "Shikamoo mama. Ni mimi. Chai ina chumvi." Nikaituma kabla sijaogopa. Kisha nikaandika ya pili, "Nataka uje."

Baba alikuwa anavua viatu, anakung'uta mchanga kwenye ngazi.

Simu ikalia, ujumbe wake umeingia. "Marahaba. Fomu iko mbele yangu hapa. Pale kwenye sababu niandike nini?"

Nilifikiri walimu wote wanaandika nini. Nilimfikiria na peni yake na miaka yake kumi na tisa.

Nikamwandikia, "Andika unanifuata mimi."

Baba akasema nimpe simu, anataka kusikiliza taarifa ya habari. Nikampa. Nikaenda jikoni kuifunika ndoo.