Jipu la Olanya na Jicho la Mama Zubeda

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tukiishi kwenye nyumba za polisi kule Naguru, niliamini kabisa kwamba mtu anaweza kukutia jipu kwa macho yake. Niliamini kwa sababu shangazi Aciro alisema hivyo, na shangazi, dada yake baba aliyetoka Gulu kuja kukaa nasi, alikuwa na jibu la kila kitu.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mama Zubeda, mwanamke wa Arua, mke wa askari mwenzake baba. Binti yake Zubeda alikuwa rafiki yangu. Jumamosi moja Mama Zubeda alimtazama mdogo wangu Olanya, wa miaka sita, akikimbiza mpira uani, akasema, "Huyu mtoto ana miguu ya nguvu." Hakuongeza neno la kumkinga. Siku nne baadaye jipu likamtoka Olanya pajani.

"Munaona?" shangazi alimwambia mama. "Mguu uleule aliousifu."

Tangu siku hiyo mama hakumsalimia tena jirani, nami nikakatazwa kwenda kwa Zubeda. Jipu likapona nusu, likatoka jingine kubwa zaidi. Mama alinunua vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa, akampa Olanya kwa siku mbili, kisha vilivyobaki akavifungua na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Akina mama wengi pale walifanya hivyo, hakuna aliyeona kosa. Halafu mimi nami nikatokwa na jipu kwapani. Shangazi akasema jicho sasa limeingia ndani ya nyumba.

Asubuhi moja, baba akiwa kazini mbali, huko Karamoja, Olanya hakuweza kusimama. Paja lilikuwa limevimba mpaka linang'aa, mwili unawaka, na maneno yake hayakueleweka. Shangazi alitaka atafutwe mganga. Mama alikaa kitandani amempakata, hajui aanzie wapi. Ndipo mlango ukagongwa, na Mama Zubeda akaingia bila kungoja kukaribishwa, amemshika binti yake mkono.

"Mama Olanya, najua munavyonisema," alisema. Akainua gauni la Zubeda kidogo. Chini ya goti kulikuwa na jipu, limefungwa kitambaa. "Na huyu pia nimemroga mimi? Lete mtoto, twende hospitali."

Sikumbuki mama alijibu nini. Nakumbuka boda mbili zikishuka kilima, mama na Olanya mbele, sisi watatu nyuma yao.

Musawo aliyetupokea, daktari mwanamke mwenye sauti ya chini, alilipasua lile jipu, akachukua usaha kidogo kwenye kichupa upelekwe maabara, akamlaza Olanya. Siku ya tatu majibu yakatoka, akatuita.

"Kidudu hiki kimezoea dawa," alisema. "Vile vidonge mulivyompa havikiui tena. Tumembadilishia dawa. Atapona, lakini amalize zote, hata akijisikia mzima." Kisha akauliza jambo tusilolitarajia. "Nyumbani munatumia taulo ngapi?"

"Moja," mama alisema.

"Na hawa wasichana, wenye majipu nao, wanakutana wapi?"

Nilitazama sakafu. Pamoja na kukatazwa, nilikuwa nikienda kwa Zubeda kila mama yake alipokwenda sokoni. Tulioga pamoja nyuma ya nyumba yao, na taulo niliyobeba ilikuwa ileile iliyomfuta Olanya. Nikasema yote. Musawo hakunigombeza. Alieleza kwamba kidudu hicho hukaa kwenye ngozi na puani, hata kwa mtu asiyeumwa, kisha hupita kwa mikono, shuka, wembe na taulo, kikingoja mkwaruzo mdogo wa kuingilia.

Mama akamgeukia jirani yake. "Kumbe sisi ndio tuliowaletea," alisema. "Nisamehe, Mama Zubeda."

"Watoto wako hai," Mama Zubeda akajibu. "Hiyo inanitosha."

Homa ya Olanya ilishuka keshoye, akaomba chapati. Mama akatoka nje ya wodi akalia, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu mzima akilia kwa furaha. Baadaye alinunua taulo za kutosha kwenye soko la Owino, kila moja akaishonea uzi wa rangi yake, akachemsha shuka zote. Shangazi alinawa kwa sabuni kama sisi, ila aliendelea kusema jicho lilikuwepo, dawa tu ndiyo ililishinda.

Leo, nikiwa na watoto wangu, simcheki shangazi. Ni kweli kulikuwa na kitu kisichoonekana kilichotoka nyumba moja kwenda nyingine. Alikosea tu kilitoka upande gani. Tulikaribia kumpoteza Olanya kwa sababu tulikuwa tumeshapata mtu wa kumlaumu, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Bahati yetu ni kwamba tuliyemlaumu alichoka kungoja tumsalimie, akaja mwenyewe.