Mashine Iliyokunywa Maji ya Mvua

Masika yalipopiga mabati yangu hapa Mjambere wiki iliyopita, nilijikuta nimeshatoka nje, kanga kichwani, natega ndoo chini ya ukingo wa paa. Binti yangu akanicheka. "Mama, na tangi lote lile limejaa?" Nikamwambia aniache na ndoo zangu. Wewe msomaji nitakueleza, maana wewe una subira kuliko yeye. Nyumbani kwetu Likoni maji ya mvua hayakuwa yetu. Yalikuwa ya mashine.

Mashine yenyewe ni ile ya kufungwa nyuma ya boti, na ilikuwa ya Mama. Nalisema hili kwa kujidai hata leo. Baba alipofariki, Mama alikaa eda yake, na alipoimaliza akavua bangili zake zote za dhahabu, akavuka feri kwenda kuziuza, akarudi na mashine. Majirani wakasema amerukwa na akili. Mwanamke na mashine ya boti, wapi na wapi? Lakini Mama alijua desturi ya ufukweni. Samaki wakishushwa pale Shelly hugawanywa mafungu: la boti, la mabaharia, na la mashine. Boti ilikuwa ya mjomba wangu, kaka yake Mama. Fungu la mashine ndilo lililotulisha sisi na kutuvisha sare za shule.

Kusi, ule upepo mkali wa kusini, likianza, boti hupandishwa mchangani, na mashine hulala miezi bila kazi. Hapo ndipo kutu hupata nafasi. Nje yaweza kung'aa kama sahani ya Idi, na ndani inaliwa kimyakimya. Mwaka wa kwanza Mama aliiosha kama ufuko mzima ulivyoosha za kwao: aliitumbukiza kwenye pipa la maji ya kisima, akaiacha ingurume humo ili chumvi ya bahari itoke, kisha akaifunika gunia. Msimu ulipofunguka, kamba ya kuwashia haikuvutika hata kidogo. Fundi akaifungua. Silinda zilikuwa nyekundu kwa kutu, na njia za maji zimeganda ukoko mweupe.

"Hii hamkuiosha, bibie," akasema.

"Wallahi nimeiosha kwa mikono yangu hii!"

Tulirudi nyumbani, Mama akaenda moja kwa moja jikoni. Akabandika chai, akanywa funda moja, akalitazama birika. Akafungua kifuniko, akakwangua ndani kwa kucha. Ukoko mweupe ule ule. Kumbe chai yetu ya maji ya kisima kile kile ilikuwa na chumvi tangu tuzaliwe, ila tulishaizoea hata hatuisikii tena ulimini. Sabuni ilipokataa kutoa povu tuliilaumu sabuni. Ufuko mzima tulikuwa tunaosha chumvi kwa chumvi, na mafundi wakineemeka.

Mjomba aligharamia matengenezo, lakini akatoa neno lake mbele yetu sote. "Dada, ikigoma tena mwakani tutaiuza. Mimi nina watu wa kuwapa kazi." Sisi watoto tulielewa vizuri kwamba bangili za Mama zilikuwa mle ndani, na zikienda safari hii hazirudi.

Masika yaliyofuata, uwanja wetu ulijaa vyombo: ndoo, masufuria, karai la kukaangia viazi, hata beseni la kuogeshea mtoto. Mapipa yakajaa maji matamu, nasi tukakatazwa kuyagusa. Kaka yangu aliwahi kunawa uso tu, akaonja mwiko wa mgongo. Tuliendelea kunywa chai yetu ya chumvi huku mashine inakunywa mvua, na jirani yetu wa ng'ambo ya ua akaja na kiti chake kuitazama ajabu hiyo.

Ilipokwisha kuoshwa Mama aliuchomoa mpira wa petroli, ikanywa kilichobaki mpaka ikazima yenyewe, ndani pakawa pakavu. Akatoa plagi, akamimina oili kwenye matundu yake, akavuta kamba polepole ili oili ipake kila mahali, akazirudisha plagi. Ikasimamishwa wima kwenye pembe ya sebule, imefunikwa leso nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Mgeni akiingia aliisalimu kwanza mashine, kisha sisi. Nyumba ilinuka udi na oili pamoja, na mpaka leo nikisikia harufu ya gereji moyo wangu hufurahi.

Kila Ijumaa wanaume wakienda msikitini, kazi ilikuwa yangu. Kuvuta kamba taratibu, kuhakikisha inazunguka.

"Mwanangu, yaenda?" Mama alikuwa akiuliza kutoka jikoni.

"Abee Mama, yaenda!"

Siku ya kufungua msimu, Shelly ilijaa watu. Mjomba alikuwa amekuja na mnunuzi kabisa, kutoka Mtongwe, naye amesimama pembeni. Mjomba akanyoosha mkono kuishika kamba, Mama akamzuia. "Ngoja. Mwenye mkono wake yupo." Akaniita.

Nikafunga gauni fundo, nikaingia majini hadi nyuma ya boti, mbele ya wanaume wote wale. Nikavuta. Ikakohoa, ikatoa moshi mzito mweupe, ikazima. "Yakhe, yaungua hiyo!" mtu akapiga kelele, na yule mnunuzi akatabasamu. Mama wala hakupepesa jicho. "Ni oili yake yatoka. Vuta."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ikanguruma! Mjomba akaniwekea mkono kichwani, akamgeukia mnunuzi: "Bwana, samahani kwa kukusumbua." Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akaweka buibui lake sawa, akaniambia twende tukapike. Mwaka uliofuata kila ua pale karibu na bahari ulikuwa na ndoo chini ya paa.

Ile mashine ilifanya kazi mpaka ikachoka kwa uzee, si kwa kutu. Kabla haijaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Mama aliamuru ifunguliwe aione. Ndani ilikuwa safi. Akachomoa ringi moja ya pistoni, pete ya chuma, akaifuta kwa leso, akaisukuma mkononi pale bangili zilipokuwa zamani. "Zimerudi," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Mama hayupo tena, Mungu amrehemu. Uwanja wetu wa Likoni una vyumba vya kupangisha, kisima kimefukiwa, na maji huja kwa mkokoteni. Lakini ringi ninayo, na kila Ijumaa naifuta kwa oili.

Basi mvua ilipopungua nikaingia ndani, nikaitoa, nikamvisha binti yangu aliyenicheka. Akaigeuza kwenye mwanga, nje na ndani, akitafuta kutu. Hakuiona.